Muhammad Ali na barabara ya asubuhi

Mu Likasi, ukitaja jina la Muhammad Ali, wazee wanarudia usiku mmoja tu, ule wa Kinshasa wa mwaka wa 1974. Wanauhadithia sawa vile walikuwa wamekaa chini ya kamba za ulingo, hata wale ambao usiku ule walikuwa hapa hapa Kikula, masikio ku radio. Sisi leo tunataka kupitia njia nyingine. Hatutahesabu ngumi. Tutahesabu kilo, na tutahesabu asubuhi.

Sababu ni hii. Kati yetu watu wa mine na wa usine, hadithi moja inarudiarudia. Mtu alianza vizuri kabisa: aliacha pombe, kila asubuhi alikuwa anafanya footing kutoka Panda mpaka kule mbele njia ya Kambove, tumbo likashuka, bibi akafurahi. Kiisha likizo ikafika, ama kilio, ama mwezi mzima wa zamu za usiku, na yote ikarudi: chupa, bukari ya usiku wa manane, kiti. Sasa akiangalia vile viatu nyuma ya mlango anasikia haya, juu majirani walimwona akianza na walimwona akiacha. Na siku ya kupimwa na munganga wa kazi inakaribia, ile ambayo mtu anatoka na karatasi ya kufaa ama ya kutofaa. Sisi tunaoandika hapa tuko mu kundi hilo hilo. Njo maana tumemchagua Ali. Wengi wanafikiri mtu huyu aliangushwa paka na ngumi za wenzake. Keki na usingizi wa asubuhi vilimwangusha pia, tena zaidi ya mara moja.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1942 mu muji wa Louisville, Kentucky, kule Marekani. Jina lake la kwanza lilikuwa Cassius Clay. Baba yake alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka, mama yake alifanya kazi mu nyumba za wazungu. Alipokuwa na miaka 12, wezi walimwibia kinga yake. Akaenda kulia mbele ya polisi mmoja, Joe Martin, ambaye pembeni ya kazi yake alikuwa akifundisha vijana kupigana ngumi. Mtoto alikuwa akitisha kumpiga mwizi. Polisi akamshauri ajifunze kwanza namna ya kupiga. Kinga haikupatikana tena, lakini mtoto hakuacha ule uwanja.

Tangu utoto miguu yake ndiyo iliyokuwa mali yake. Wenzake walipanda bisi kwenda ku masomo, yeye alikimbia kando ya bisi. Mu 1960, akiwa na miaka 18, alichukua medali ya zahabu mu Michezo ya Olimpiki ya Roma. Tarehe 25 Februari 1964, ku Miami Beach, alimshinda Sonny Liston, mtu ambaye dunia nzima ilimwogopa, na akawa bingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 22. Mu mwaka huo huo akajulikana kama Mwislamu na kupata jina la Muhammad Ali. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara. Tunalisema hili mapema, juu kuna msomaji atakayefikiri kwamba mtu asiyekunywa hana cha kumfundisha mnywaji. Chupa yake Ali ilikuwa sahani. Alipenda vitu vya sukari sawa mtoto, na mbele ya keki alikuwa na nguvu kidogo kuliko mbele ya Liston.

Mu Aprili 1967 alikataa kuingia mu jeshi la Marekani wakati wa vita ya Vietnam. Walimnyang'anya ubingwa, wakamkatalia ruhusa ya kupigana, korti ikamhukumu miaka mitano ya kifungo, ingawa alibaki nje akisubiri rufaa. Miaka mitatu na nusu ikapita bila mchezo, kutoka miaka yake 25 mpaka 28, wakati mwili wa mwanaume uko juu kabisa. Alirudi mu ulingo tarehe 26 Oktoba 1970 ku Atlanta, na Korti Kubwa ilifuta ile hukumu mu Juni 1971. Lakini miguu ya zamani haikurudi yote. Tarehe 8 Machi 1971 ku New York, Joe Frazier alimwangusha mu raundi ya 15. Ali alisimama palepale, lakini alishindwa kwa pointi, mara yake ya kwanza tangu aingie mu ngumi za mshahara.

Hapa njo tunataka mtu akae chini na kusoma polepole, maana kilichofuata kinatuhusu. Kiisha kushindwa na Frazier, Ali alipigana mara 10 na alishinda mara zote 10. Inaonekana ni habari nzuri. Hapana. Wengi kati ya wale watu hawakuwa wa kiasi chake, na alijizoeza kushinda akiwa amejitayarisha nusu. Asubuhi moja anaruka, siku mbili analala, na Jumamosi anashinda tu. Mtu wa mine anajua hatari ya namna hii: ukishuka mara kumi bila kufunga kofia vizuri na hakuna jiwe lililoanguka, mwisho unaamini kwamba kofia haina kazi.

Mara ya kumi na moja jiwe lilianguka. Tarehe 31 Machi 1973, ku San Diego, walimletea Ken Norton, mtu asiyejulikana sana. Ali alipanda ulingoni na kilo 100, mazoezi machache mu miguu. Mu ule mchezo Norton alimvunja taya. Ali alimaliza raundi zote 12 hivyo hivyo, taya imevunjika, na akashindwa. Waganga walilifunga taya kwa waya. Mtu ambaye mdomo wake ulikuwa unajulikana dunia nzima akakaa wiki nyingi hawezi hata kutafuna. Magazeti mengi yalianza kuandika kwamba amekwisha. Alikuwa na miaka 31.

Sasa alifanya nini? Alikuwa na mahali pa kwenda. Mu 1972 alikuwa amenunua udongo juu ya kilima fulani ku Deer Lake, mu jimbo la Pennsylvania, na kujenga pale kambi ya nyumba za miti. Baba yake, yule mchoraji wa vibao, aliandika kwa rangi majina ya mabondia wakubwa wa zamani juu ya mawe makubwa yaliyopangwa mu kiwanja. Ali angeweza kufanya mazoezi mu muji, mu sali nzuri, karibu na marafiki. Lakini mu muji ndimo kulikuwa na keki, wageni na usiku mrefu. Ku kilima kulikuwa na baridi, kuni za kupasua, jikoni ambamo watu wake walipika chakula, na barabara.

Ile barabara, tungependa kila mtu wa Shituru aione mu akili yake. Ali aliamka mbele ya jua, giza bado. Alivaa viatu vizito, vya namna ya askari, ili miguu ichoke mapema na siku ya mchezo ijisikie nyepesi. Alishuka kilima na kupanda. Hakupenda. Yeye mwenyewe alikiri mara nyingi kwamba alichukia kila dakika ya mazoezi, na sisi tunamshukuru kwa ukweli huo, juu watu wengi wanasubiri siku watakayosikia hamu ya kukimbia, na hiyo siku haifiki. Yeye hakusubiri hamu. Alivaa viatu kwanza.

Tarehe 10 Septemba 1973, miezi mitano na kitu kidogo kiisha taya kuvunjika, alikutana tena na Norton, karibu na Los Angeles. Walipompima alikuwa na kilo 96. Kilo ine kwa miezi mitano, basi. Wale wanaotuuliza namna ya kupoteza kilo kumi kwa wiki mbili wasome mustari huu mara ya pili. Na hata hivyo hakushinda kwa urahisi: waamuzi waligawanyika, na raundi ya mwisho ndiyo ilimwokoa, kwa sababu mu raundi ile bado alikuwa na pumzi. Januari 1974 alimshinda Frazier kwa pointi. Njia ya kwenda Kinshasa ikafunguka.

Ya Kinshasa kila mtu anayajua, tutapita haraka, isipokuwa jambo moja. Mobutu alitaka dunia iione Zaïre, na kila bondia aliahidiwa dola milioni 5. Wakati ule jimbo letu lilikuwa linaitwa Shaba, na shaba ndiyo ilikuwa ikilisha ile serikali, kwa hiyo mzee wa usine anayesema kwamba na yeye alilipa ule mchezo hasemi uongo sana. Mchezo ulipangwa tarehe 25 Septemba. Siku chache mbele, George Foreman alipasuka juu ya jicho mu mazoezi, na yote ikasukumwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Wiki tano zaidi, mbali na nyumba, mu joto la Kinshasa. Kila mtu aliyewahi kujiandaa kwa jambo fulani anajua namna siku ikisukumwa mbele mwili unalegea. Ni wakati ambao mtu anaanza kusema: kesho. Ali alikaa ku N'Sele, kando ya muto, na asubuhi kwa asubuhi alikimbia, batoto na vijana wakimfuata. Wiki tano zile hazikumwibia kitu.

Mchezo ulianza saa 4 ya usiku, mbele ya kupambazuka, kwa saa ya Kinshasa. Kwetu hapa ilikuwa saa 5, wakati ambao watu wa zamu ya asubuhi wanatafuta viatu vyao. Foreman alikuwa na miaka 25, michezo 40, hakushindwa hata mara moja. Ali alikuwa na miaka 32 na kilo 98. Aliegemea kamba, akamwacha yule kijana apige mpaka achoke, na mu raundi ya 8 akamwangusha. Wengi wanaita ile ujanja. Ni kweli ilikuwa ujanja, lakini ujanja wa kuvumilia ngumi za Foreman raundi saba mu joto lile haushikiki mu mwili ambao haukukimbia. Ule usiku ulikuwa umetengenezwa ku Deer Lake na kando ya muto wetu.

Kama tungekuwa tunaandika hadithi ya watakatifu, tungeishia hapa. Lakini Ali alianguka tena, na anguko la pili linatufaa kuliko la kwanza.

Kiisha Kinshasa alikuwa mtu anayejulikana kuliko wote duniani, na mtu wa namna hiyo anaalikwa mezani kila siku. Mu 1975 ku Manila alimshinda Frazier mara ya pili, mu mchezo ambao nusura uwaue wote wawili. (Namna alivyomtukana Frazier mbele ya ule mchezo, sisi hatuwezi kuisifu. Frazier alikuwa amemsaidia siku za shida, na aliumia moyoni miaka mingi.) Aprili 1976, mbele ya Jimmy Young, Ali alipimwa kilo 104, uzito ambao hakuwa ameufikia bado mu ulingo. Alipewa ushindi, na watu wengi walipiga kelele kwamba si haki. Tena alikuwa ameshinda bila kujitayarisha. Tena akaamini kofia haina kazi.

Tarehe 15 Februari 1978 ku Las Vegas, Leon Spinks, kijana mwenye michezo 7 tu ya mshahara, alimnyang'anya ubingwa. Ali alikuwa na miaka 36. Safari hii hakuna taya lililovunjika, hakuna wa kulaumu. Watu walimwona mu televizio, mzito, akisubiri yule kijana achoke sawa Foreman, na kijana hakuchoka.

Haya ya namna hiyo, mtu mwingine angejificha nayo mu nyumba. Ali alirudi barabarani. Tuseme wazi: kurudi mara ya pili ni kugumu zaidi, kwa sababu mara ya kwanza mtu anajiambia kwamba hakujua. Mara ya pili alijua. Alikimbia, akafanya mazoezi ya tumbo mpaka watu wa kambi wakamhurumia, na ile miezi saba hakuiacha. Wakati huo Spinks, bingwa mpya, alikuwa mu sherehe. Ule ugonjwa wa Ali ulikuwa umehamia kwake.

Tarehe 15 Septemba 1978, mu uwanja wa Superdome ku New Orleans, walikutana tena. Na hapa kuna hesabu inayotushangaza. Mu mchezo wa kwanza Ali alikuwa na kilo karibu 102. Mu mchezo wa pili, kilo 100. Kilo mbili tu! Jirani asingeona tofauti, na mwenye kujipima kila asubuhi angekata tamaa mapema. Lakini ndani ya kifua mtu alikuwa mwingine. Alicheza kwa miguu raundi 15, na waamuzi wote watatu wakampa ushindi. Akawa mtu wa kwanza kuchukua ubingwa wa uzito wa juu mara tatu.

Mwaka uliofuata alitangaza kwamba ameacha. Ingetosha. Kiisha pesa na sifa zikamwita, na mu 1980 akakubali kupigana na Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa kijana wa kumsaidia mazoezi kule Deer Lake. Ali alikuwa na miaka 38 na zaidi ya kilo 110. Na safari hii, mbele ya mara zote, alitafuta njia ya mkato.

Munganga mmoja alimpa vidonge vya tezi ya shingo. Ni dawa ya kweli, ya watu ambao tezi yao imelala, wale ambao mwili wao unatembea polepole. Kwa mtu ambaye tezi yake ni nzima, ile dawa ni sawa kukanyaga accélérateur ya kamio na kuiacha imekanyagwa mchana na usiku. Mafuta yanaungua, ndiyo, lakini nyama ya mikono na miguu inaungua pia, maji ya mwili yanakwisha, moyo unakimbia bila mtu kukimbia. Na yeye alimeza zaidi ya kipimo alichopewa. Kilo zikaanguka haraka sana. Alipaka nywele rangi nyeusi. Waandishi waliomwona siku za mwisho walishangaa: tumbo hakuna, uso wa kijana, sawa vile wa Kinshasa.

Siku walipompima alikuwa na kilo karibu 99. Ku Kinshasa alikuwa na 98. Mzani uliona mtu yule yule.

Tarehe 2 Oktoba 1980, usiku wa joto mu kiwanja cha wazi ku Las Vegas, raundi ya kwanza haijaisha na Ali alikuwa tayari amechoka. Mikono haikupanda. Mtu aliyefanya kazi mbele ya moto wa fonderie anajua mwili usioweza tena kujipoza unasikia namna gani. Kule alikuwa nao ulingoni, mbele ya mtu anayempiga. Holmes alimpiga raundi 10, mara nyingine akimtazama mwamuzi asimamishe. Angelo Dundee, mwalimu wake wa miaka 20, ndiye aliyekataa raundi ya 11. Ilikuwa mara ya pekee mu maisha yake yote kushindwa mbele ya mwisho wa raundi. Kiisha mchezo Holmes alilia.

Sisi hatusemi kwamba vidonge vile ndivyo vilimletea ugonjwa wa kutetemeka uliotajwa na waganga mu 1984; ngumi za miaka mingi zilikuwa tayari zimefanya kazi yao. Tunasema hili tu: mara tatu aliruhusu mwili ulegee. Mara mbili aliupa miezi mitano, miezi saba, na mwili ukamrudia. Mara ya tatu aliupa chupa ya vidonge na mwili ukamwacha mbele ya watu. Mu soko letu kuna meza zinazouza vidonge vya kupunguza tumbo na vya kuongeza nguvu, bila karatasi ya munganga, na tunajua nani ananunua, kwa sababu tunakutana naye mu foleni ya kuingia kazini.

Alipigana mara moja tena, Desemba 1981 ku Nassau, kilo 107, akashindwa na Trevor Berbick. Hawakuwa hata na kengele ya ngumi. Walipiga kengele ya ng'ombe. Mu 1996, ku Atlanta, aliwasha moto wa Olimpiki, mkono ukitetemeka, na watu wa dunia nzima walisimama. Alikufa tarehe 3 Juni 2016 mu jimbo la Arizona, akiwa na miaka 74, na walimzika ku Louisville, kule walikomwibia kinga.

Kambi ya Deer Lake iko bado, na wageni wanaitembelea. Wanaonyeshwa nyumba za miti, jikoni, na yale mawe makubwa yenye majina aliyoyaandika mzee Clay. Mbele ya mlango barabara inashuka kilima. Ukiishuka, ni lazima uipande tena.